Pitia Hakupanda Mtumbwi Wake

Harufu ya gogo bichi linalochomwa kutoka ndani haifanani na ya kuni za jikoni. Ni nzito, tamu kidogo, inakaa kwenye nywele hata ukioga. Kiangazi kile, nikiwa na miaka kama kumi, ukingo wetu wa Nile, chini kidogo ya Juba, ulinuka hivyo kila siku. Baba alikuwa amempa kazi ya kuchonga mtumbwi fundi anayeitwa Pitia. Jina lake nalitaja kwa makusudi. Alichimba gogo kwa shoka na tezo, akawasha moto mdogo ndani, akakwangua makaa, akawasha tena, na mimi na mdogo wangu Wani tulimtazama mpaka moshi ututoe machozi.

Kwetu mtumbwi mpya haupelekwi moja kwa moja kwenye maji makubwa. Unajazwa mawe, unazamishwa penye kina kifupi siku nyingi, mti unywe taratibu usije ukapasuka. Pitia akautoa siku ya tatu, maana ng'ambo kuna mtu alimwita kwa kazi nyingine. Akauacha juani, akaenda kunywa pombe. Aliporudi, chini kulikuwa na ufa mrefu kuliko mkono wangu. Nilimkuta akiuziba kwa nta na matambara, anapaka masizi juu yake.

"Unaangalia nini, wewe?" akaniuliza. "Huu ni ufa wa ngozi tu, haujafika kwenye nyama. Ukimwambia baba yako nitakukata hilo sikio nilitie humu liwe kiraka."

Nikacheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Baba sikumwambia.

Siku ya kuujaribu, desturi ni kwamba aliyechonga anapanda kwanza, na watoto wa mwenye mtumbwi wanakaa mbele yake. Pitia akashika goti. "Malesh, mnisamehe, mguu unaniuma leo. Hawa wepesi watatosha." Baba akamtania kwamba amezeeka kabla ya wakati. Hakuna aliyejiuliza. Pitia mwenyewe ndiye aliyetusukuma. Tulipofika maji yanapokaza mwendo, nta ikatoka, na mara maji yako magotini. Wani alishika gauni langu. Mimi nilishika mtumbwi. Gauni likachanika.

Wani alipatikana kesho yake kwenye matete. Pitia akawaambia wazazi wangu, "Binti alikuwa anacheza, anautikisa mtumbwi." Nilipotaja ufa, mama alinipiga kofi. Na mtumbwi Pitia alikuwa ameshaupasua kuni kabla mtu hajauangalia. Toka siku ile mama hakuniita tena kwa jina, nilikuwa "huyu". Vita vikaja, tukakimbilia Uganda, nikamchotea maji kambini, nikazaa, tukarudi, na bado nilikuwa "huyu".

Mwaka huu mama aliugua, nikawa namuuguza kwangu New Site, hapa Juba. Nikapanda boda boda mpaka Munuki kwa Pitia, ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Nilitaka aje aseme ukweli mama akiwa bado anasikia. Hilo tu.

"Ee binti yangu," akasema, "hayo ya zamani, khalas, yamekwisha. Kwa nini umsumbue mgonjwa?"

"Sema ulijua."

"Mimi nasali kila siku."

"Basi sema hapa, kwangu."

Akaagiza niletewe chai.

Mama tulimzika Jumamosi. Hakuwahi kuniita.

Siku hizi mitumbwi ya magogo imebaki michache. Watu wanavushwa kwa mashua za injini, na nahodha akikataa kupanda chombo chake, abiria wanamtukana na kushuka. Sisi tulicheka. Watu wananiambia nisamehe, mzee atakufa karibuni. Afe. Ila wajukuu zake wamesoma Kenya, Kiswahili wanakijua kuliko mimi niliyekiokota kambini, ndiyo maana nimeandika kwa lugha hii. Kifo cha mtoto nimekibeba tangu utotoni; yeye aanze kukibeba uzeeni, mbele ya wale anaowapenda. Karatasi hizi nimezinakili kwa mkono mara nne, kila mjukuu na zake.