Mkazi wa Ubaruku

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali pale Mbeya, nasoma habari kwenye simu, nikakutana na "mkazi wa Ubaruku". Anashikiliwa na polisi kwa wizi wa pampu ya maji. Siku hizi ndivyo neno hilo linavyoandikwa. Mkazi amekamatwa, mkazi amegongwa na lori, mkazi amelalamikia barabara. Waziri akitajwa gazetini, haandikwi ni mkazi wa wapi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nikiliona neno hilo nanyoosha mgongo, maana nakumbuka lilivyoingia nyumbani kwetu.

Baba alitutoa kwenye baridi ya Mufindi tukiwa wadogo, akifuata mpunga wa Ubaruku. Alipofariki, ndugu zake walimrudisha kwao kumzika. Mama alikaa matanga, akafunga mizigo, akarudi Ubaruku na sisi watoto. Pale tuliitwa "wale wa baridi". Mama akiwasalimu wenzake mferejini "kamwene" kwa Kihehe chake, walicheka. Zamu ya maji ikifika, jaruba letu la mpunga lilisubiri wenyeji wamalize.

"Dada, wewe una kwenu," jirani yetu alikuwa akimwambia, mama wa Kisangu mwenye sauti ya kuvuka mashamba. "Maji yakikatika utapanda gari urudi kwenye misonobari yako. Sisi twende wapi?"

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulipiga madebe tangu alfajiri na kupayuka mpaka sauti zikakauka. Bado naisikia harufu ya pumba kule mashineni, na wali wa mchele mpya, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, tukiula na kambale wa mferejini.

Mwaka mmoja mto ulikauka mapema. Akaja mwandishi wa gazeti, kamera shingoni, akawauliza wanawake waliokaa ukingoni wanasemaje. Mama ndiye aliyejibu.

"Andika hivi, baba. Hapa ndiyo kwetu. Maji yasipokuja, tutayasubiri hapa hapa."

Gazeti lilitufikia limechelewa. Mwalimu alilisoma darasani, akataja jina la mama, kisha akasema "mkazi wa Ubaruku". Yaliyofuata sikuyasikia. Jioni mwalimu alilileta nyumbani, na mama akamwomba aurudie mstari ule.

"Wameandika mkazi?" akauliza. "Hawakuandika mgeni?"

"Mkazi, mama. Hili hapa."

Jirani alikuwa anasikiliza ng'ambo ya uzio. "Haya, mkazi!" akapaza sauti. "Kama ni mkazi kweli, lete jembe kesho tuzibue mfereji!"

Mama alikwenda, na wakazibua pamoja huku wakitaniana. Maji yaliporudi, jirani mwenyewe ndiye aliyefungulia jaruba letu. Jina likamganda: Mama Mkazi. Hata wauza samaki walimwita hivyo.

Mwaka huu Mama Mkazi amefariki. Alikuwa ameniambia waziwazi tusimpeleke popote. Baba mdogo alifika kutoka Mufindi na gari, tayari kumchukua akalale karibu na mumewe. Hakuwa na ubaya. Kwake hiyo ndiyo heshima. Mimi si msemaji. Nilianza kumweleza alichotaka mama, nikachanganya maneno. Basi yule jirani, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akainuka mkekani.

"Shemeji, mume mlimchukua, hatukusema neno. Huyu hapana, huyu wa kwetu. Mkimtaka, nipakieni na mimi, mkanilishe huko kwenye baridi yenu!"

Watu wakacheka katikati ya kilio. Baba mdogo naye akacheka, akapangusa macho, akaomba aonyeshwe mahali pa kuchimba.

Ule mfereji wa udongo umeshajengewa kwa saruji. Sauti za watoto wa kuamia ndege sizisikii tena kama zamani, na wengi wa wanawake waliokaa pale ukingoni wametangulia. Hakuna tena anayeitwa wa baridi, kwani nusu ya mji imetoka kwingine.

Jioni ya siku ile aliyokuja baba mdogo, redio ilisoma tangazo letu la msiba. Mtangazaji akataja jina la mama, "aliyekuwa mkazi wa Ubaruku", akasema atazikwa huko huko. Najua ndivyo wanavyosema kwa kila marehemu. Hata hivyo nilisimama uani na simu mkononi, natamani kumpigia yule mtangazaji nimwambie aliondoe lile "aliyekuwa". Mama hajahama.