Majani ya Shangazi Maabarani

Shangazi yangu anayeishi Ruanda, kijiji kisicho mbali na Tunduma, aliosha vidonda vya nusu ya kijiji kwa majani ya kichaka kinachoota kando ya mibuni yake. Nilipoajiriwa kwenye maabara ndogo pale Tunduma, nilimwomba msimamizi wangu ruhusa ya kuyapima. Alikubali, ila akanionya: "Usiyapendelee kwa sababu ni ya shangazi yako."

Niliyaanika juu ya bati, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti na kuchuja. Kisha nikachukua visahani vilivyopandwa bakteria wa usaha, nikaweka viduara vya karatasi vilivyolowa dawa ile, na vingine vya dawa ya hospitali na vya spiriti tupu ili kulinganisha. Kesho yake bakteria walikuwa wametanda kila mahali, kama ukungu juu ya uji uliolala. Kiduara cha dawa ya hospitali tu ndicho kilichozungukwa na eneo safi. Changu, hakuna kitu.

Wiki nzima sikumpigia simu. Jumapili nikaenda, nikamkuta anatoka kanisani, nikamweleza huku nikiangalia chini.

"Uliyakaushia wapi?" aliuliza.

"Juani, shangazi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Umeyaunguza! Mimi nayaanika ndani, tena nachuma machanga tu. Mbona hukuniuliza?"

Kweli sikumuuliza. Nilimwona akiyatumia tangu utoto wangu, nikadhani najua.

Safari hii alichuma mwenyewe, akayakausha, akanifungia kwenye kitambaa. Nikaanza upya. Asubuhi ya pili kulikuwa na duara safi kuzunguka karatasi yangu. Jembamba kuliko la dawa ya hospitali, lakini lipo. Kiduara cha spiriti tupu hakikuwa nalo. Msimamizi alipima kwa rula. "Rudia," akasema. Nikarudia mara mbili, likatokea tena. "Sasa andika."

Shangazi alikuja kuona. Msimamizi alimwamkia, akampa kiti.

"Hawa wadudu mnawafuga wenyewe?" shangazi aliniuliza, macho kwenye kisahani.

"Ndiyo."

"Na mnawalisha?"

"Tunawalisha, shangazi."

Akatikisa kichwa. Nilimweleza kwamba kisahani si mtu, bado hatujui kama dawa ni salama, hivyo wenye vidonda awapeleke kwanza zahanati. Alifikiri kidogo, akakubali.

"Mama," msimamizi akamuuliza, "kuna majani mengine unayoyatumia?"

Shangazi alivua viatu, akakaa vizuri, akaanza kuyataja mojamoja. Nami nikafungua ukurasa mpya, nikiuliza kila mara: yanachumwa lini, yanakaushwa wapi?