Siku Arobaini za Mfungaji

Mtu akiniambia michezo hujenga undugu kazini, nanyamaza tu kwa sababu ya heshima. Nilicheza netiboli miaka sita kwa shirika la umma lililokuwa likinunua mazao pale Sumbawanga, na nikaicheza hata nikiwa na kichanga cha wiki nne. Ninajua nilichoambiwa nilipotolewa ndani, na ninajua nilichopewa.

Niseme ukweli kwanza: niliajiriwa kwa ajili ya mpira. Cheti cha kupiga chapa nilikuwa nacho, ndiyo, lakini wenye vyeti walikuwa wengi. Walioniita kazini waliniona nikifunga magoli shuleni. Wakati ule mashirika mengi yalifanya hivyo na hakuna aliyeona haya. Asubuhi napiga barua, saa kumi niko uwanjani, nimesimama chini ya goli, mikono juu. Mimi ndiye nilikuwa mfungaji wao, na nilikuwa mzuri, sitajifanya mnyenyekevu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Wafanyabiashara wenye malori wakaanza kununua mahindi Laela, palepale barabarani, na wakulima wa Mpui waliozoea kutusubiri sisi msimu mzima wakaacha kutusubiri. Siwalaumu. Maghala yetu yakabaki na panya. Ofisini yakaanza maneno ya orodha, nani atapunguzwa na nani atabaki, na watu wakawa wanasalimiana huku wanaviziana.

Katikati ya hofu hiyo ndipo nikajifungua, mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika kweli. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekuja kunilea ni mama mkwe, kutoka Mpui, na mfuko wa ulezi, kuku wawili na sheria zake. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba mzazi hatoki nje kabla ya siku arobaini. Uji wa ulezi asubuhi, supu mchana, blanketi mabegani, mlango umefungwa upepo usimpige mtoto. Nilimshukuru na bado namshukuru, ingawa kufikia siku ya kumi nilitamani hata kwenda kutupa taka.

Mume wangu alikuwa mwalimu, naye alicheza mpira wa miguu katika timu ya walimu. Siku mtoto alipozaliwa alikuja, akambeba kama amebeba yai, akatabasamu, akasema anafanana na babu yake. Saa kumi akaenda uwanjani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alivyorudi na vumbi lake, mama yake alikuwa ameshamchemshia maji ya kuoga. Mkuki kwa nguruwe, jamani, kwa binadamu mchungu.

Mtoto alipotimiza wiki nne, afisa utumishi wetu akaja kunipa hongera. Ndiye aliyekuwa pia msimamizi wa timu. Alileta sukari na mche wa sabuni, akamwamkia mama mkwe vizuri, akanywa uji, akamsifu mtoto. Mama mkwe alipotoka kwenda jikoni, akasogeza kiti.

"Dada, mimi sikutishi," akasema. "Ila ujue mwenye jezi hapunguzwi. Mechi ya kuchagua timu ya kwenda mashindanoni Mbeya ni Jumamosi ijayo."

Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi ya halali kabisa, yeye mwenyewe aliisaini. Nilipaswa kumwambia hivyo. Badala yake nikamuuliza mazoezi yanaanza lini. Kosa hilo nalibeba mwenyewe.

Mama mkwe alipojua, alikataa katakata. Alisema sijafikisha arobaini. Alisema mwanamke akikimbia juani maziwa yanachemka kifuani, na mtoto akiyanyonya anaharisha. Akasema pia majirani wa mtaa wetu wa Izia watasema mwanawe ameoa mhuni, mzazi mbichi anaruka-ruka na kisketi. Hilo la uhuni ndilo lililonipandisha hasira. Nikamuuliza, kwa adabu lakini nikamuuliza, alipomzaa mume wangu alilala ndani siku ngapi kabla ya kushika jembe.

Alikuwa ameshanisimulia mwenyewe, siku moja ananikanda kwa maji ya moto, kwamba ulikuwa wakati wa kupalilia na hakukuwa na mtu mwingine. Wiki mbili tu, akaingia shambani na mtoto mgongoni, na kijiji kizima kikamsifu kuwa ni mchapakazi.

"Lile lilikuwa jembe," akasema. "Ile ilikuwa kazi."

Nikamwambia na huu mpira ndio kazi yangu, mama, na usipochezwa hakuna kazi.

Kesho yake saa tisa na nusu nikamkuta amejifunga khanga mbili, mtoto mgongoni kafunikwa blanketi mpaka kisogoni. Akasema twende, ila kwa sharti: kila nitakapotaka kunyonyesha, nikamue kwanza maziwa ya jua nimwage chini, ndivyo wanavyofanya wanawake wakitoka shamba. Nikakubali. Siku zote zile tuliongozana hivyo, mimi mbele na jezi, yeye nyuma na mjukuu, na majirani wakatoa macho mpaka wakachoka.

Jumamosi ya mechi upepo ulivuma utadhani umetumwa. Mwili wangu ulikuwa bado haujarudi, nyonga zinauma, miguu mizito. Lakini mikono ilikumbuka. Nilifunga, nikafunga tena. Kabla ya mapumziko mtoto akalia kando ya uwanja, na mwenye kunyonyesha anajua kinachotokea mtoto akilia. Jezi ikalowa kifuani, mbele ya watu wote. Mwanaume mmoja, mhasibu wetu, akapaza sauti kwamba mfungaji anavuja, na wenzake wakacheka. Mama mkwe akageuka, akamtazama taratibu toka juu mpaka chini, akamuuliza yeye alinyonya nini, pombe? Kicheko kikahamia kwa mhasibu. Nikaenda nyuma ya ghala, nikakamua, nikamwaga, nikanyonyesha nikiwa nimesimama, nikarudi kumalizia. Tulishinda, nami nikachaguliwa.

Niliendelea na mazoezi wiki tatu nzima. Jumatatu moja orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Jina langu lilikuwepo, la nne kutoka juu.

Nilimfuata afisa utumishi ofisini kwake, mtoto kifuani. Hakuonyesha hata aibu. Alisema kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo, kwamba walinifikiria sana. Wameona nina kichanga, nahitaji muda wa kumlea, kwa hiyo wamenionea huruma. Huruma. Mtu alinitoa ndani sijafikisha arobaini, halafu ananipunguza kwa sababu ni mzazi. Shukrani ya punda ni mateke, na punda ana nafuu, maana yeye hakuletei sukari kwanza.

Sikulia pale. Nililia nyumbani, na mama mkwe aliniacha nilie.

Siku nne baadaye akaja tena, huyohuyo. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi, mtoto mgongoni. Nilikuwa ndani, nasikia kila neno. Akaamkia, akaeleza kwamba majina ya wachezaji yalishatumwa Mbeya kabla ya orodha, na langu limo. Basi linaondoka Alhamisi. Nitacheza kama mtu ambaye bado yuko kazini, hakuna atakayeuliza. Yaani niende kuwa mamluki wa shirika lililonifukuza.

Mama mkwe hakuacha kupepeta.

"Mzazi hatoki nje kabla ya siku arobaini," akasema.

Yule bwana akacheka kidogo. Akamkumbusha kwamba mtoto anakaribia miezi miwili.

"Kwetu arobaini haijafika," akasema mama mkwe, akapuliza makapi kuelekea viatu vyake.

Yule bwana akakung'uta viatu. Kisha, sijui aliupata wapi uso, akaomba basi angalau arudishiwe jezi, maana ni mali ya shirika na kuna mwingine ataivaa.

Jezi ilikuwa ndani ya beseni tangu zoezi la mwisho, maana baada ya orodha sikuwa na moyo wa kuigusa. Kifuani ilikuwa imekauka ikawa ngumu, na harufu ya maziwa yaliyochacha inafika mlangoni. Nikaikunja vizuri, madoa juu, nikatoka nayo, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mwenye heshima zake.

Akaipokea kwa vidole. Akasema haijafuliwa.

Nikamwambia asiifue, aende nayo Mbeya hivyohivyo, wakimuuliza ni madoa ya nini awaambie ni ya mfanyakazi.