Tone Kwenye Kola

Saa moja asubuhi, tone la maji linaangukia kola ya shati jeupe. Msichana anainua pasi, analitazama. Mdomoni hana hata funda la maji.

Kwa miaka sita katika duka la dobi la shangazi yake, alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nguo, kisha akapitisha pasi. Wenzake wanamwita Kimya. Mwenye maji mdomoni atasemaje?

Ndiyo maana matone yalipozidi, hakuna aliyeshtuka. "Walidhani ni ya kupuliza," anasema Kimya, macho chini. "Hata mimi nilijidanganya hivyo."

Lakini yalitoka tundu la kushoto la pua tu, kila alipoinama, maangavu, yenye chumvi. Akiamka, kichwa kinamgonga. Sikioni anasikia moyo wake ukidunda. Miezi minane alimeza dawa za mafua.

"Mafua gani haya, yamekuoa?" mfuaji alimtania.

Picha za hospitali zilimaliza utani. Daktari alimweleza kwamba presha ndani ya kichwa chake imepanda na kuula mfupa mwembamba ulio juu ya pua mpaka ukatoboka. Kipande kidogo cha ubongo kimeshukia kwenye tundu hilo. Matone ni maji yanayouzunguka ubongo, na vijidudu vinaweza kuingia kupitia njia hiyo hiyo.

"Usiiname, usipenge kwa nguvu, usipulize," aliambiwa.

Siku hizi ana chupa ya kunyunyizia, na meza yake imeinuliwa kwa matofali. Jumanne atapasuliwa kupitia puani, tundu lizibwe. Presha nayo itaendelea kutibiwa, isije ikatoboa pengine.

Shangazi anaingia na furushi la mashuka. "Bado unakitazama hicho kitone? Kinyama cha pua tu, mwanangu. Kitakatwa kama ukucha."

Hivyo ndivyo shangazi alivyoamini, na Kimya hakuwahi kumsahihisha. Fomu ya upasuaji aliitia sahihi peke yake.

Anaikalisha pasi wima. Tone jingine linaanguka. Safari hii halifuti.

"Shangazi."

"Nakusikia."

"Si kinyama. Ni ubongo wangu unaoshuka. Nataka nirudi kwenye meza hii, ila naogopa nisirudi. Jumanne twende wote."

Mashuka yanaanguka sakafuni. Hakuna anayeyaokota.