Papa Alikuwa Anakunywa Chai Akitembea

Kila asubui papa alikuwa anakunywa chai akitembea. Mama anamuwekea kiti, anamuwekea kikombe juu ya meza, na yeye anakamata kikombe anaenda nacho. Anaangalia kuku, anasalimia mutu mwenye anapita kwenye barabara, anakumbuka turnevisi yake, ile bisibisi ya kazi, anarudi kuitafuta, anasahau alirudia nini. Kisha kikombe hakionekane. Kukitafuta ilikuwa kazi yangu. Nilikikuta juu ya ukuta, nilikikuta kati ya matawi ya mupera, siku moja juu ya paa la choo. Kila mara chai imebakia nusu. Ndugu yangu Didier, wa miaka munane, alikuwa anasema kikombe kimepanda boti kimeenda kisiwa cha Kilwa, kule katikati ya ziwa.

Jina la papa ni François. Alitoka Pweto, ngambo ya ziwa, akajenga hapa Kashikishi, upande wa Zambia, na kazi yake ilikuwa kutengeneza taa, zile za sola zenye wavuvi wanawasha juu ya maji kusudi chisense, wale samaki wadogo, wakuye kwenye wavu. Taa yenye imekufa kabisa, papa anaitikisa karibu na sikio, anasema ugonjwa wake. Hakukosea. Lakini alikuwa anafungua taa tatu mara moja. Anatosha visi za kwanza zenye zinafunga kifuniko, anasikia mutambo wa boti kwenye maji, anaenda kuona ni ya nani. Mama Musonda, mwenye boti mbili, alikuwa anakuya kusimama kwenye mulango na mikono kwenye kiuno, anauliza kama taa yake ilikwisha kuolewa hapa, maana hairudie kwao. Papa anacheka, anamupa kiti. Yeye mwenyewe kiti hakikumusaidia kitu.

Miye Vicky, mutoto wa kwanza, nilifika kalasi ya tano tu. Nilibakia nyumbani kumusaidia mama, jina lake Yolande, kuanika samaki, na mwenye kuanika samaki anaona mengi, juu kazi ile inataka macho, haitaki kinywa.

Ndugu yangu Didier alikuwa na shida kwenye masomo. Anatoka kwenye benchi, anaanza hesabu anaiacha katikati, anajibu swali la mwenzake. Mwaka huu mwalimu alisema: arudi na karatasi ya kliniki, ao asirudi. Nyumbani hakuna mwenye alishangaa. Kwetu mutoto anakamata mwenendo wa majina yake, ndiye ule mutu mwenye walimupatia jina lake. Na majina ya Didier ni Didier wa boti. Papa alitangulia kuvuka kukuya Zambia. Mama alifuata kisha miezi kadhaa, tumbo likiwa kubwa, miye namushika kanga, na ni Didier wa boti, mwenye alikuwa analeta chumvi Pweto, alituvusha. Mutu ule alisimama ndani ya boti njia yote, anaongea, anaimba, anaachilia usukani kwa kuonyesha ndege. Tulifika wazima. Mutoto alipozaliwa, mama akamupatia jina lile kwa shukrani. Tangu siku ile kila sahani yenye Didier anavunja, sisi wote tunasema, na papa pia: "Majina yake huyo."

Kwenye kliniki tulikuta Madame Nsama, mwenye kuangalia watoto. Anaongea Kibemba, mama hakisikie muzuri, basi ni miye niligeuza maneno. Papa aliikaa kwenye benchi kidogo sana. Jenereta ya inje ikaanza kukohoa, akatoka kwenda kuiona.

Madame alieleza polepole. Kuna watoto wenye akili zao hazitulie fasi moja, na mwili wao pia. Si laana, na si kwamba mama hajue kulea. Mara nyingi inapita ndani ya damu, kwa baba ao kwa mama, na si kitu kimoja. Ni vitu vidogo vingi vyenye vinakutana ndani ya mutoto. Hakuna kipimo cha kuiona, njo maana anauliza watu. Akauliza: kwenu, nani alikuwa hivi tangu butoto?

Mama hakufikiri. Alisema Didier wa boti. Nikageuza vile alisema. Nilijua ule mutu si ndugu yetu, lakini nyumbani ndilo jibu letu siku zote, na sina zoea ya kuongeza neno langu. Madame akaandika kwenye karatasi.

Papa aliingia na mafuta kwenye mikono. Madame akamuambia kwa Kibemba, chenye papa anasikia muzuri:

"Tumepata, baba. Iko ndani ya damu. Imetoka kwa huyu Didier mukubwa."

Papa aliangalia mama. Njiani yote hakusalimia mutu.

Nyumbani akamuuliza mama: Didier wa boti alianza lini kuleta chumvi kule Pweto? Mama akasema hata kabla ya vita ya kule, kila mutu anajua. Papa akahesabu miezi kwenye vidole, akapoteza, akaanza tena.

"Unahesabu nini, papa Vicky?" mama akamuuliza.

Tangu pale, kwa papa, Didier hakuwa tena Didier. Alikuwa "huyu mutoto". Didier akamuletea kifuniko cha taa chenye alikitengeneza yeye mwenyewe, papa akakikamata bila kumuangalia kwenye uso. Siku ya tatu mama akafahamu. Hakulia. Alisema:

"Miaka munane unakula naye sahani moja. Leo karatasi njo inakuambia baba yake ni nani?"

Papa akajibu kwamba karatasi haina sababu ya kumudanganya.

Kesho yake nilimukuta na taa tatu wazi mbele yake, na visi zote zimechanganyika. Sijue nguvu ilitoka wapi.

"Papa, pale kliniki, wakati ulikuwa kwenye jenereta, Madame aliuliza nani kwetu haikalake fasi moja. Mama alisema majina ya Didier tu, vile tunasemaka sisi wote. Lakini ni weye."

"Miye?" papa akasema. "Miye naikalaka bila shida."

Alikuwa amesimama. Akajiangalia miguu. Akaikaa, akasimama tena, akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Alisema inapita kwa baba?"

"Kwa baba, ao kwa mama. Ao kwa wote wawili."

"Basi hata weye haujue."

"Sijue," nikasema. Ilikuwa kweli, na ni neno lile ninarudilia mupaka leo. Ningesema najua?

Papa akamuita Didier. Akamushika kichwa, akakigeuza huku na huku sawa vile anageuza taa, wala hakusema ugonjwa. Akamuachilia.

Asubui yenye ilifuata mama alimuwekea kiti na kikombe. Papa akakamata kikombe, akatoka nacho, akapita kwenye kuku, akapita kwenye choo. Ni miezi saba sasa, hajarudi. Wengine wanasema walimuona Pweto akitafuta Didier wa boti, wengine wanasema hapana, iko kule Kafutuma, anatengeneza redio. Sijue alienda kwa sababu aliona mutoto si wake, ao kwa sababu aliona ni wake kabisa. Mama anasema miye nilifanya vizuri. Siku ingine anasema ningenyamaza.

Didier alirudi kwenye masomo na karatasi. Mwalimu anamutuma kupangusa ubao kila mara anaanza kuchezacheza. Taa ya mama Musonda iko bado wazi. Didier anaitikisa karibu na sikio, anasema ni waya. Hakuna mwenye kujaribu kuona kama ni kweli.

Siku ile papa alienda, nilitafuta kikombe vile ninazoea. Nilikikuta mwisho wa lupango letu, kile kiwanja cha nyumba, juu ya muti wa kona wa ua wa senyenge, chai nusu, na bado ya moto. Nikasema moyoni hajafika mbali, nikakirudisha ndani.