Chupa Mia Moja za Limuru

Mimi nikidharauliwa sisahau. Yule mzee wa Limuru hata mlangoni hakutufikisha. Alitusimamisha uani, majirani zake wakichungulia juu ya ua, akatazama kreti za soda tulizokuwa tunashusha kwenye pikapu, akasema, "Soda ni ya watoto. Jumamosi ijayo leteni kreti nne za bia, kama watu wengine wanavyoleta. Mkishindwa, msirudi." Kisha akaingia ndani. Hata chai hatukuonja.

Tulikuwa tumekwenda kumwombea ndugu yangu mke. Ndugu yangu nilimlea mimi, mama alipotuacha yeye akiwa na miaka tisa na mimi kumi na saba. Nikamsomesha kwa cherehani mpaka akapata kazi ya gereji kule Kariobangi. Sasa msichana wa watu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwa desturi yetu, mtoto akizaliwa kabla baba yake hajapokewa na wazee, basi ni mtoto wa babu yake. Huwezi kwenda kumdai. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye ndama. Ndugu yangu alilijua hilo, na njia nzima ya kurudi Ziwani, mtaa wetu wa Nairobi, alikuwa anahesabu miezi kwa vidole.

Bia yenyewe haikuwa taabu. Taabu ilikuwa chupa. Miaka ile ya themanini ilipoanza, depo, yaani ghala la bia, haikukupa kreti ya bia mpaka uwapelekee kreti ya chupa tupu, ishirini na tano kwa ishirini na tano. Na mwaka ule chupa zilikuwa zimeadimika. Jumatatu asubuhi nilimwendea karani wa depo moja ya Eastleigh nikamwomba nilipe tu zaidi, niache chupa. Akanicheka.

"Mama, pesa haitiwi bia," akasema. "Lete chupa."

Chupa mia moja, kwa siku tano. Nyumbani kwangu ilikuwepo moja, tena ya mafuta ya kupikia.

Nilianza Jumatatu hiyo hiyo, mlango kwa mlango, na nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kumwomba mtu chupa za bia ni kumwomba akuonyeshe anakunywa kiasi gani. Watu wanaona haya. Mwalimu mmoja, mpole kama nini, aliniambia hana, halafu jioni akaja na gunia akaliacha mlangoni bila kubisha hodi. Chupa kumi na tisa! Mama mmoja aliyeokoka, ambaye kila Jumapili alitupigia kelele kuhusu ulevi, aliniita kwenye dirisha la nyuma akanipitishia kumi na moja, zimefungwa kwa magazeti.

"Si za kwetu," akasema.

"Najua, mama," nikasema.

"Nilizikuta tu."

"Najua."

Akafunga dirisha. Mpaka leo sijamwambia mtu ni dirisha gani.

Wengine hawakuwa wanywaji, lakini nyumba gani ya Ziwani ilikosa chupa ya bia? Ndimo tulimotia mafuta ya taa. Jirani yangu Mwislamu, mama mzima mwenye heshima zake, alichukua chupa zake tatu za mafuta ya taa akazimimina zote kwenye sufuria, nyumba nzima ikanuka. Nikamwambia nimeona vibaya kumwomba yeye chupa kama hizo. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Chukua, mwanangu. Chupa ni chupa. Dhambi yake ilishanywewa na mtu mwingine."

Nakuambia, nilikuwa naishi na watu. Kufika Ijumaa saa kumi na moja jioni, tulihesabu mara mbili, mimi na ndugu yangu: mia moja kamili. Akanyanyua mikono, akacheza pale chumbani kama mwendawazimu, nami nikamwambia aache upuzi asije akapiga teke gunia.

Wakati huo akaingia mzee jirani aliyestaafu kazi ya reli. Ndiye tuliyemwomba awe msemaji wetu, kwa kuwa baba hatukuwa naye. Akachukua chupa moja, akainusa.

"Hii ilikuwa na mafuta ya taa."

"Ziko kumi na nne za namna hiyo," nikasema.

"Yule karani hunusa moja moja. Ya mafuta ya taa anaitupa pembeni."

Jumamosi asubuhi, kwa hiyo, nilikuwa kwenye mfereji wa maji wa mtaa kabla ya watu wengi, na ile baridi ya Julai unaijua. Nilikuwa nimezisugua zile kumi na nne kwa majivu na mchanga, nikasuuza, nikanusa, bado. Tulitakiwa tuondoke saa sita. Ndugu yangu akaleta sufuria kubwa ya maji yaliyokuwa yanatokota.

"Dada, si tungoje yapoe kidogo?"

"Yapoe kwa nini? Moto ndio unaotoa harufu."

Nikayamimina kwenye chupa ya kwanza. Tak! Kitako kikabaki chini kama kisosi, na mimi nimeshika shingo. Sasa mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema hiyo ilikuwa na ufa wake, nikamimina kwenye ya pili. Ikapasuka. Nikasema ni bahati mbaya. Ukaidi ni ugonjwa, na mimi nilizaliwa nao. Nilipokubali kwamba ni yale maji, nilikuwa nimepasua nane.

Ndugu yangu alichuchumaa akaanza kuokota vipande, na hapo nikamfokea: unaokota nini, unafikiri zitaungana? Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siste, tumeisha," akasema polepole. Nilitamani anitukane.

Tisini na mbili. Zile sita za mafuta ya taa zilizobaki zilikubali kuondoka harufu kwa sabuni na maji baridi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Lakini nane ningetoa wapi? Mtaa mzima ulikuwa umeshatoa. Mlango mmoja tu sikuwa nimeugonga.

Alikuwa mama wa maziwa. Kila asubuhi aliketi karibu na mfereji ule ule na kikapu chake, maziwa ndani ya chupa za bia, zimezibwa kwa magunzi. Na mimi na yeye hatukuwa tumesemeshana kwa miaka miwili, kwa sababu ya mdomo wangu. Siku moja nilikuwa nimesema, wateja wake wakisikia, kwamba maziwa yake yanajua njia ya mfereji. Watu walicheka. Yeye hakucheka, na wateja wawili hawakurudi. Nilijua nimemkosea siku ile ile, ila kumwambia nikashindwa.

Alikuwa ameona yote. Alikuwa ameketi pale akinitazama nikipasua chupa moja baada ya nyingine.

Nikaenda. Hatua kumi labda. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yakatoroka yote.

"Ngapi?" akauliza kabla sijafungua kinywa.

"Nane."

Alikuwa nazo kumi kwenye kikapu, zote zimejaa, na akina mama wanne walikuwa wanangoja na vikombe vyao. Akavuta beseni, akang'oa gunzi la kwanza, akamimina. Akang'oa la pili. Mama mmoja akasema, "Wee, maziwa ya beseni nje hapa, na vumbi hili, nani atanunua?" Mama wa maziwa akawajazia wale wanne vikombe mpaka vikafurika, akaita watoto waliokuwa wanachota maji, akawaambia wanywe. Biashara yake ya siku nzima ilikwisha hivyo, mbele ya macho yangu, kwa dakika tano.

"Mama, sijui nikuambie nini," nikasema.

"Usiniambie kitu. Sikupi wewe. Nampa huyo kijana." Akanisukumia chupa. "Na uzioshe kwa maji baridi, mjinga wewe. Mfereji si unaujua sana?"

Nilistahili. Nikaosha, machozi yananitoka, na yeye ananielekeza nisugue kitako vizuri.

Tulisukuma mkokoteni mpaka Eastleigh karibu kukimbia. Karani alikuwa na foleni. Alipotufikia akaanza kunusa, chupa moja, nyingine, kidole kikizunguka mdomo wa kila chupa. Mzee wa reli alikuwa anaangalia saa. Ndugu yangu alikuwa anahesabu kwa midomo. Karani akafika tisini na tisa, akaichukua ile ya mwisho, akaizungusha, akaiweka pembeni.

"Imemeguka mdomo."

"Imemeguka wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Kipande kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Tisini na tisa ni kreti tatu," akasema. "Anayefuata."

Wallahi ningemrukia. Mzee wa reli alinishika mkono. Halafu mtu aliyesimama nyuma yetu, mwanamume aliyekuja na kreti zake mbili za chupa tupu kwa ajili ya baa yake, akauliza, "Hizi za nini? Harusi?"

"Mahari," ndugu yangu akasema.

Yule mtu akavuta chupa moja kutoka kreti yake akaiweka juu ya meza ya karani. Yake sasa ilikuwa imepungua. Angerudi na kreti moja. Nikamwambia hivyo. Akainua mabega. "Baa itafunguliwa tena kesho. Nendeni, mama, mtachelewa." Jina lake sikuuliza.

Limuru tulifika saa tisa kasoro, kumechelewa, ukungu umeshuka. Mzee alikuwa uani na wazee wenzake. Kreti nne zikapangwa mbele yake. Akazizunguka. Akanyanyua chupa, akairudisha, akanyanyua nyingine.

"Mwezi uliopita nilikuwa na sherehe yangu," akasema. "Nina shamba, nina ng'ombe, na sikupata hata kreti mbili. Ninyi mmetoa chupa wapi?"

Msemaji wetu akakohoa kujiandaa. Kwa desturi mimi nilitakiwa kunyamaza. Nikasimama.

"Mzee, unataka kujua kijana huyu ni wa nani? Nitakuambia. Kumi na tisa ni za mwalimu aliyeona haya kunipa mkononi. Kumi na moja ni za mama anayeichukia bia kuliko shetani. Tatu ni za jirani yangu Mwislamu. Nane ni za mwanamke niliyemtukana, akamwaga maziwa yake leo asubuhi ili nipate. Moja ni ya mtu wa Eastleigh ambaye simjui. Zilizobaki ni za Ziwani, na nikitaja mlango kwa mlango kutakucha hapa. Huyu kijana ni wao. Kama unamkataa, wakatae na wao."

Mzee wa reli alifumba macho. Nikajua nimeharibu, mdomo wangu umemnyang'anya ndugu yangu mtoto wake.

Mzee akamwita binti yake. Kwetu, pombe ya mahari hainyweki mpaka msichana aulizwe mbele ya watu wote, na akisema hapana, mambo yamekwisha. Akatoka amejifunga shuka, tumbo linaonekana. Baba yake akafungua chupa, akatia kidogo kwenye kikombe, akampa.

"Tuinywe?"

Msichana akalowesha midomo tu. "Inyweni, baba."

Mzee akachukua kikombe, akakimaliza, akajifuta. Kisha akanigeukia mimi, si msemaji wetu.

"Chupa ni za kurudi?"

"Ni za kurudi, mzee. Kila moja kwa mwenyewe."

Akamwambia mkewe, "Jumatatu msichana ateremke Ziwani na hizo chupa." Kisha akaniambia, "Azirudishe yeye mwenyewe, mlango kwa mlango. Wamjue."

Mimi, mwenye mdomo wote huo, nikaketi juu ya kreti tupu ya soda nikalia mbele ya wazee, na sikujali nani ananitazama.