Makasha ya Mawe

Nilifanya kazi miaka sita katika hangari la mawe la mgodi mmoja nje kidogo ya Likasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbao iliyolowa maji, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Mashine ya kutoboa ilishusha bomba ardhini, ikapandisha mawe ya mviringo, marefu na membamba kama mishumaa ya kanisani. Mimi niliyapanga kwenye makasha ya mbao yaliyogawanywa kwa vibao ndani, nikaandika kwa rangi nyeupe namba ya tundu na kina chake. Wajiolojia walikuja kuyasoma: hapa shaba, hapa kobalti, hapa udongo mtupu. Wakishaamua, baruti ililipuliwa, ekskaveta zikafuata, na malori makubwa kuliko nyumba yetu yakapanda yakizunguka kuta za shimo, ngazi moja baada ya nyingine, mchana kutwa.

Shimo hilo sisi tunaliita karyeri. Babu yangu alilikuta likiwa kilima. Aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, yeye na wenzake wengi, wakakichimba kilima kwa sururu na kubeba mawe kwa vikapu. Baba yangu alilikuta limeshakuwa bonde. Yeye aliendesha ekskaveta mpaka kifua kilipomkatalia. Baadaye kazi ilisimama, pampu zikazimwa, mvua ikajaza shimo maji ya kijani ambayo hata chura hakuyataka. Watu wa mtaa wakaingia na nyundo kuchokoa kuta. Mwishoni ikaja kampuni hii mpya, watu wake wakavuta maji, wakaweka uzio, wakaniajiri.

Baba alizikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi, juu ya ukingo wa mashariki. Walipotoboa upande ule, pembeni kabisa mwa makaburi, mawe yake niliyapanga mimi mwenyewe. Yalikuwa na madoa ya kijani ya shaba, mazuri. Niliyaona, nikaandika kina, nikaenda kula chakula cha mchana. Sikujiuliza kitu. Hilo nalo linanichefua.

Miezi michache baadaye familia ziliitwa kwenye ukumbi wa parokia. Bwana mmoja wa kampuni, shati limepigwa pasi vizuri, alisimama mbele akasema makaburi yatahamishwa. Kutakuwa na majeneza, padri, na uwanja mpya wenye ukuta. "Tutabahamisha na heshima yote, bamama," alisema. Mama yangu alikubali. Alisema kama ardhi itaondoka kwa vyovyote, afadhali baba aondoke kwanza.

Siku yenyewe mama alivaa vitenge vyake vya misa, viwili, kimoja juu ya kingine, kama wanawake wa umri wake wanavyovaa. Mimi nilikuwa na fulana ya njano ya kampuni, kwa sababu bila hiyo mlinzi hakupitisha mtu. Vibarua wenye glavu na barakoa walikuwa wameshaanza kufukua. Jina likisomwa kwenye orodha, familia inasogea. Jina letu likasomwa.

Kilichowekwa mbele yetu hakikuwa jeneza. Lilikuwa kasha langu la mawe. Vibao vya ndani vilikuwa vimeng'olewa kwa haraka, misumari imebaki imesimama, na ubavuni namba niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa imefutwa nusu. Ndani yake wamempanga baba, mifupa mirefu upande mmoja, na fuvu limelazwa pembeni kwa kuwa kasha halina kina.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Ni kasha, mama," yule bwana wa ukumbini alijibu. "Majeneza haikufika. Ni ya muda mufupi tu."

"Bwana yangu haiko jiwe."

"Mama, kule tutapanga muzuri, vraiment, kweli kabisa."

"Weye, mama yako utamuweka mu hii?"

Akatoa simu akaitazama, ingawa haikulia. Mama akanigeukia.

"Na weye? Hii makasha unaijua?"

"Naijua, mama. Inatoka kwetu ku kazi."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alikifungua kitenge cha juu, akakitandaza kwenye udongo mbichi, akasema, "Mumuweke hapa."

Kibarua alisita, akamtazama mkubwa wake. Nikavua fulana ya njano, nikapiga magoti, nikamhamisha baba kwa mikono yangu. Alikuwa mwepesi kiasi cha kuniogopesha. Mama alifunga kitenge mafundo manne, akapanda basi la kampuni, akampakata mpaka uwanja mpya. Tulimzika hivyo hivyo, ndani ya kitambaa. Familia chache ziliiga, kwa vitenge, kwa makoti. Nyingine zilikubali makasha kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.

Jumatatu makasha yalirudi hangarini. Sikuelewa mwanzoni. Walikuwa wamemwaga mifupa kule uwanja mpya, wakayarudisha makasha matupu.

"Osha hizi," msimamizi aliniambia. "Kesho mashine inaleta majiwe."

Kwenye pembe moja udongo ulikuwa umeshikana. Niliuchokoa kwa kidole, nikatoa kitu nilichodhani ni kokoto. Kilikuwa kipande cha mfupa wa kidole cha mtu. Nilitoka nyuma ya hangari nikatapika.

"Miye sitaosha," nilimwambia niliporudi. "Tuyachome."

"Mbao iko na kosa gani?" aliuliza, na aliuliza kweli, kwa uso wa mtu asiyeelewa. Naye ni mwana wa Likasi. Baba yake alifanya kazi shimo lile lile. Akamwita mwingine, yakaoshwa kwa mpira wa maji, na kesho yake mawe mapya yalikuwa ndani. Ule mfupa niliufunga kwenye leso nikampelekea padri. Tuliuzika wawili, bila kujua tunamzika nani.

Nilimaliza mwezi, nikaacha. Siku hizi nauza sokoni unga wa bukari, ugali wetu. Karyeri imeshakula ule ukingo. Kutoka barabarani unaona hewa tupu mahali makaburi yalipokuwa, na malori yakipita chini yake.

Mwaka uliofuata kuhamishwa kwa makaburi, jirani alituletea kalenda ya kampuni. Kwenye mwezi wa Novemba kulikuwa na picha ya siku ile: makasha yamefunikwa shuka nyeupe, yule bwana amekunja mikono kama anasali. Mama aliitazama muda mrefu, akiisogeza karibu na macho.

"Sisi hatuko," alisema.

"Hatuko, mama."

Mvua ilikuwa imenyesha na makaa ya mbabula, jiko letu, yalikuwa na unyevu. Aliichana kalenda nzima, mwezi baada ya mwezi, akaisokomeza chini ya mbabula, akawasha moto wa kupikia bukari.